Lori Lililolala Zizini

Enzi zetu, kule juu kwenye milima ya Tarime, wakati wa vijiji vya ujamaa, sisi watoto tuliamshwa na kikohozi cha lori la kijiji. Baba yangu, Chacha, ndiye alikuwa dereva. Likiwaka mara moja, tulijigeuza tukalala tena. Likikohoa na kunyamaza, tulijua tunaitwa.

Tulitoka mbio pekupeku, umande ukituchoma nyayo, ukungu umeimeza migomba yote. Tukabandika viganja kwenye bati la baridi. "Sukuma, mura! Uji hukunywa?" baba alituhimiza kutoka usukani, wote akituita vijana, hata sisi wasichana. Likinguruma, moshi ulitufunika, nasi tuliuvuta kama harufu ya mandazi. Mimi nilikuwa mwenye haya, hata shikamoo yangu haikusikika. Lakini nyuma ya lori, ndani ya ukungu ule, nilipiga kelele kuliko wote.

Lori lile ndilo lilibeba mahindi ya shamba la kijiji na wagonjwa wetu. Jioni lilirudi kupitia Nkende na chumvi na sabuni. Basi masika moja likaanza kusumbua kupita kiasi. Hata tukilisukuma likawaka, kilima cha kwanza lilisita, likashtuka, likavuta, likasita tena. Jua likishapanda, lilikwenda kama halijawahi kuugua. Baba alisafisha kabureta, akachuja petroli kwa kitambaa, akachajisha betri. Asubuhi, yale yale.

Jumamosi mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani.

"Chacha, Jumatatu mahindi yanakwenda mjini. Lori likikataa tena, ufunguo nampa mtu mwingine."

Baba aliacha kunywa. Uji wake wa ulezi uliganda kwenye kibuyu.

Babu akadakia. "Unaliacha nje peke yake kama mbwa, halafu unashangaa linaugua! Lilaze na ng'ombe lipate joto."

Hakuna aliyecheka. Kwetu mali ililala zizini, na lori lilikuwa mali. Jumapili jioni baba aliliingiza kinyumenyume. Ng'ombe walilinusa, mmoja akalilamba taa. Nilisinzia nikisikiliza pumzi zao, nikadhani na lori nalo linacheua.

Jumatatu halikukohoa hata kidogo. Mwenyekiti alisimama langoni na koti lake refu, watu wamekalia magunia. Tulilisukuma tukateleza kwenye samadi, magurudumu yakazama. "Lori la Chacha lina mimba, liacheni lizae!" kijana mmoja akapaza sauti, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba alitazama chini. Nilitamani ardhi inifiche.

Mama alikuwa amekuja kuchukua ndoo ya maziwa. Alimwita baba kwa jina langu, kama siku zote, tena kwa sauti ndogo.

"Baba Robhi, hata kuni zikilala humu haziwaki. Ng'ombe wanapumua maji."

Baba alizunguka mbele ya lori. Kisha akafungua boneti, akang'oa kile kifuniko zinapokutana nyaya za plagi, akakigeuza. Ndani kulikuwa na matone, kama yale ya kwenye kifuniko cha sufuria.

"Kumbe ni unyevu," alisema polepole. "Ukungu unaliloanisha kila asubuhi, jua linalikausha. Na mimi nikaliletea ng'ombe kumi walipumulie."

Alimtazama babu. Babu akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungua.

Plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha injini, zilifunguliwa zikapelekwa jikoni kwa mama. Alizipanga kwenye mafiga kuzunguka chungu, akazigeuzageuza kama viazi vitamu, huku baba akifuta nyaya kwa kanga kuukuu ya mama. Zikarudishwa zikiwa bado za moto. Sisi tulikuwa tumeshajipanga nyuma, tumeinama tayari. Lori likawaka lenyewe, likachomoka, tukaanguka wote kifudifudi kwenye samadi.

"Haya, Chacha, ufunguo kaa nao," mwenyekiti alisema. "Lakini osha hizo tairi, usituaibishe mjini."

Tangu siku ile lori lilirudi kulala nje, ila kichwa chake kilifunikwa turubai, na plagi zililala jikoni kwetu, zimefungwa kitambaa, karibu na majivu ya moto. Asubuhi uji ulinukia petroli kidogo. Tukaacha kuitwa.

Siku hizi mwanangu anabonyeza kitufe tu, gari linawaka kimya kama paka. Likigoma, anapandisha vioo, anakaa na simu yake kumngoja fundi. Siku moja nilimwambia niwaite watoto wa jirani tulisukume, akacheka. "Mama, hili halisukumwi. Na hao watoto unawajua majina?"

Siwajui. Asubuhi za ukungu bado mimi huamka mapema, miguu ikitafuta sakafu ya baridi, nikasikiliza. Hakuna kikohozi. Kila mtu amejiwashia lake, ameondoka.