Ndoo Tatu Chini ya Kitanda

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilichuma stroberi kwa hasira mpaka vidole vikawa vyekundu hadi kwenye kiganja. Nilikuwa nimekupita wewe kwa miaka michache tu. Weka hiyo simu chini kwanza, usogee hapa jikoni kwenye joto, nikusimulie. Jana wageni walipokuwa wakipiga picha na mwenzako mnayechuma naye nilikuona ulivyomtazama. Macho hayo nayajua, maana yaliwahi kuwa yangu.

Shamba hili unaloliona na kibanda cha chai na maua langoni halikuwa hivi. Baba mkwe wangu alipostaafu ualimu aling'oa miwa yote kwenye kipande hiki, akapanda stroberi. Watu wa Khayega walimcheka sana. Walisema mwalimu amechanganyikiwa, atakula nini na watoto wake, vitunda vya kupamba keki? Tulilima sisi wenyewe: yeye na Mama, mume wangu ambaye ndiye kifungua mimba, ndugu yake mdogo, na sisi wake wa hao ndugu wawili. Hapa kwetu tunaitana wake wenza hata kama kila mmoja ana mume wake. Mimi nilitangulia. Imali aliolewa na shemeji yangu miaka sita baadaye, na kusema haki, nilimpokea vizuri.

Nilimfundisha kila kitu. Nilimwonyesha kutandaza nyasi kavu chini ya mimea ili tunda lisilale kwenye udongo. Nilimwonyesha kuchuma kwa kukata kikonyo na ukucha badala ya kuvuta, kwa sababu ukivuta unatikisa mmea mzima. Hiyo ya ukucha hakuiweza kamwe. Alivuta tu, nami nikawa ninamtania kwamba mikono yake ni ya kung'oa mihogo.

Sasa wageni wakaanza kuja. Mwanzo walikuwa mmoja mmoja, jamaa wa mjini waliosikia kwamba kuna mahali unaingia shambani na kibakuli chako, unachuma mwenyewe, unakula ukitembea. Baadaye wakaja kwa magari. Na Imali alikuwa na maneno matamu, Mungu alimpa. Angemsalimia mtu mara moja tu, Jumamosi ya pili anamwita kwa jina na kumuuliza mguu wa mamake umeponaje. Wageni walimpenda. Walimletea leso, walimletea viatu vya raba. Wakifika langoni, kabla hata ya kushuka, walikuwa wanauliza, Imali yuko wapi?

Hakuna aliyewahi kuuliza mimi niko wapi. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye matuta tangu alfajiri, mgongo unaniuma, gauni limejaa matope. Siku moja mama fulani aliyevaa miwani ya jua alininyooshea kidole akamuuliza Imali, huyu mfanyakazi wenu mlimtoa wapi, anajua kazi kweli. Imali akacheka kidogo, ile ya kuona haya, akamwambia mimi ni dada yake mkubwa. Lakini mimi, mwanangu, nilisikia kile kicheko tu. Nililala nacho, nikaamka nacho, nikapika nacho uji wa watoto.

Nilimwonea wivu. Silipambi hilo neno. Nilipomsikia akiongea na wageni, nilihamia tuta la mbali. Akisifiwa mezani, niliuacha obusuma wangu, ugali mzima, sahanini.

Halafu Baba akatuambia kwamba Jumamosi ile wangekuja kina mama wa kanisa fulani la mjini, watu arobaini. Imali ndiye aliyewaalika. Wakirudi wamefurahi, alisema, mambo yote ya wageni atamkabidhi Imali, na yeye ndiye atakayesimamia hata sisi wengine siku za wageni. Mimi! Mke wa kifungua mimba, niliyemfundisha kushika jembe, nisubiri Imali aniambie leo simama pale! Nilisema ni sawa Baba, nikatoka nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Unajua desturi yetu ya Ijumaa. Tunachuma za kupeleka sokoni, lakini zile kubwa zilizoiva vizuri tunaziacha kwenye mmea, ni za wageni wa kesho. Stroberi si ndizi. Ukiichuma mbichi haiendelei kuiva, na iliyoiva leo huwezi kuirudisha kwenye mmea. Ijumaa hiyo mchana Imali alikwenda mazoezi ya kwaya, wanaume walikuwa Mukumu kwenye mazishi, Mama amepumzika. Nikaingia na ndoo tatu. Nilichuma zote. Sikuacha nyekundu hata moja, tuta kwa tuta, mpaka pale chini karibu na mto. Nikazibeba nikazisukuma chini ya kitanda changu, nikafunika na gunia.

Kina mama walifika kesho yake na vibakuli vyao, wamevaa sare, wanaimba. Wakaingia shambani. Nyimbo zikapungua, zikaisha. Kila walipofunua majani walikuta matunda meupe na ya kijani. Mmoja akauliza kama wameitwa kuja kuchuma mbegu, wenzake wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Baba alisimama pale na fimbo yake, anatazama matuta kama mtu aliyepotea njia.

Imali aliinama. Alishika mmea mmoja, akashika mwingine, akavitazama vikonyo. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na birika la chai. Halafu akawageukia wageni akawaambia kosa ni lake, hakukagua shamba jana, wamsamehe.

Walikunywa chai wakaenda. Jioni Baba, mbele yetu sote, akamwambia Imali asishughulike na wageni tena. Na mimi nilifurahi, mwanangu. Wivu ni jambo la binadamu, lakini kinachoniaibisha mpaka leo ni kwamba nilikaa pale nikamwona anafuta machozi na kitambaa cha kichwa, nami nikafurahi.

Furaha ilidumu mpaka Jumapili baada ya kanisa. Stroberi hazifichiki. Zikikaa kwenye ndoo zinajiponda zenyewe, zinachacha, na harufu yake inatembea nyumba nzima. Mama mkwe alikuja kuazima sufuria. Alisimama sebuleni, akavuta pumzi mara mbili, akaenda moja kwa moja chumbani, akainama akalivuta lile gunia. Nzi waliruka. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Mama alikaa kwenye kitanda changu, ndoo ziko miguuni pake.

“Mama Brian,” aliniambia, “ulitaka nafasi ya Imali. Haya, chukua. Jumamosi utapokea wageni wewe. Mimi sitamwambia Baba wala mtu mwingine. Utasema mwenyewe, na mpaka siku utakaposema, utakuwa unakula chakula cha mwizi ndani ya nyumba yangu.”

Heri angenipiga. Jumamosi nikavaa vizuri, nikasimama langoni. Wageni waliniuliza maswali, nikawajibu, sikosei hata moja, maana hakuna aliyeijua stroberi kunishinda. Lakini kila aliyeshuka aliuliza Imali yuko wapi, na kila mara nikadanganya upya. Anaumwa. Amesafiri. Ako na kazi. Nyuma yangu Imali alikuwa ameinama kwenye matuta, anavuta vikonyo. Jumamosi nne nilisimama pale. Ya tano nilishindwa. Nilimwacha mgeni katikati ya sentensi, nikaenda nikapiga magoti kwenye tuta mbele ya Imali, nikamwambia.

Hakushangaa. Aliendelea kuchuma.

“Nilijua siku ile ile,” alisema. “Vikonyo vilikatwa na ukucha. Nani mwingine hapa anakata hivyo?”

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

“Nilidhani utasema mwenyewe jioni ile. Halafu nikadhani kesho. Dada, nimekungoja mwezi mzima.”

Nilikwenda nikamwambia Baba siku hiyo hiyo, mbele ya waume zetu. Sitakusimulia aliyosema, ila fimbo aliiweka chini kwanza, nikajua imemuuma. Imali akarudishiwa wageni, na shamba likaendelea, ndilo hili linalokulisha. Tuliishi. Mtoto wake wa kwanza nilimpokea mimi kwa mikono hii. Baba na Mama tumewazika pamoja, tukalia kwenye leso moja. Imali alinisamehe, aliniambia hivyo kwa mdomo wake na ninamwamini.

Lakini kila Ijumaa, nikishamaliza kuchuma, Imali hutoka nyumbani kwake akapita matuta yote polepole, anafunua majani, anaangalia kama za wageni zimebaki. Hajawahi kusema kwa nini anafanya hivyo. Mimi humpisha njia. Hiyo ni miaka mingi sasa, mwanangu, na sioni akiacha.

Kwa hiyo sikiliza. Sikukatazi kuona wivu, utakuja tu hata ukisali. Ninakukataza kukaa nao peke yako. Ukiona huwezi kukaa mwenzako akisifiwa, njoo uniambie, unitukanie hata watu wote wa shamba hili, mimi nitakaa kimya. Ama umwendee yeye mwenyewe umwambie, leo nimekuonea wivu. Utaona aibu siku moja, iishe. Na kama tayari umefanya jambo, liseme jioni hiyo hiyo, kabla mwenzio hajalala akikungoja.

Mungu akuzidishie. Akupe watoto wa kukuita, akupe mgongo usiouma kama huu wangu, akupe wageni wa kukujua kwa jina. Na uchume Ijumaa zako zote mpaka uzeeke, bila mtu kuja nyuma yako kukagua.