Mkono Kiunoni

Walimu wengine huingia darasani. Mwalimu Octavian alikuwa akitokea. Alisimama kwanza mlangoni, mkono wa kushoto kiunoni, akakohoa, akafumba macho kana kwamba Kidato cha Tatu kizima kina harufu asiyoipenda, ndipo akasema, "Kwa hiyo basi." Hiyo "kwa hiyo" ilitokana na nini hakuna aliyejua, maana kabla yake palikuwa hapajasemwa kitu.

Alikuja Babati kutoka Rombo kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wa Maisaka, na Kiswahili alikifundisha, ila kwa shingo upande. Roho yake ilikuwa kwenye maigizo. Aliwahi kuhudhuria semina ya sanaa za maonyesho Dar es Salaam, semina iliyokwisha kabla shati lake la pili halijachafuka, akarudi na skafu. Hata jua likiwaka mpaka mbuzi wanagombea kivuli cha nguzo ya umeme, skafu ilikuwa shingoni.

"Msanii hana msimu," aliwaambia wenzake katika chumba cha walimu.

"Lakini jasho analo," akajibu Zabron, mwalimu wa Fizikia.

Miaka ikapita, na kikundi chake cha wanafunzi hakikuvuka hata mara moja mashindano ya maigizo ya shule za mji. Mwaka huu mkuu wa shule, Mwalimu Aikande, akamwita ofisini.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini msipofika ngazi ya mkoa safari hii, kipindi chako cha maigizo cha Ijumaa namrudishia Zabron. Watoto wanafeli Fizikia."

Octavian alitoka bila kukohoa. Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa mtu wa ngeli na viambishi, kama walimu wengine mia. Ijumaa ndiyo siku pekee aliyokuwa Octavian.

Basi akakaa akaandika igizo, *Kilio cha Nangara*. Binti anaozeshwa kwa ng'ombe, bibi anakufa kwa uchungu, baba anajuta, polisi anachelewa. Alikusudia ukumbi mzima utoke na leso zilizolowa.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja, ileile aliyofundishwa nayo kuzidisha namba: mwalimu anafanya, ninyi mnafuata.

"Hosiana, wewe ni bibi kizee. Tazama." Akaweka mkono kiunoni, akakohoa, akafumba macho. "Kwa hiyo basi, mjukuu wangu..."

Alipomalizana na bibi, akahamia kwa baba, aliyechezwa na Gidamanyega, kijana mrefu kutoka familia ya wafugaji wa Hanang. Mkono kiunoni, kikohozi, macho.

"Samahani, Mwalimu," Gidamanyega alisema. "Baba yangu akikasirika hashiki kiuno. Ananyamaza tu, anaitazama fimbo yake."

"Baba yako amesomea sanaa wapi?"

"Hajasoma, Mwalimu."

"Basi! Mkono kiunoni. Bila mkono hakuna mhusika."

Wakakariri. Na hawa watoto wetu ukiwapa kitu cha kukariri, hawana mzaha. Walishakariri mzunguko wa damu wote bila kushuku kwamba na wao wana damu. Siku Octavian alipolala sakafuni kuwaonyesha jinsi bibi anavyokata roho, vumbi likamkaba, akakohoa. Hosiana akakikariri na hicho kikohozi.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa wazazi, wanafunzi na majaji watatu. Shule zilizotangulia zilikuwa zimeua watu wengi sana jukwaani. Octavian akasimama pembeni ya jukwaa na Zabron, aliyekuja, kwa maneno yake, kuipokea Ijumaa yake.

Baba akatokea. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akakohoa, akafumba macho. "Kwa hiyo basi."

Nyuma kabisa, walikokaa wanafunzi wa shule yake, kicheko kimoja kikapasuka kama punje ya kwanza ya bisi. Akatokea bibi, mkono kiunoni, akakohoa. Sufuria nzima ikalipuka. Polisi alipoingia naye akafumba macho, hata wazazi waliomjua mwalimu kwa vikao vya shule walikuwa wameshikana mabega. Bibi akakata roho, mkono ungali kiunoni. Kisha maiti ikakohoa.

"Wanacheka nini hawa?" Octavian alinong'ona. "Huu ni msiba!"

Zabron alikuwa ameinama kwa kicheko. Machozi yalimchuruzika hadi kwenye kola. Alinyoosha kidole tu, si jukwaani, bali kwenye kiuno cha Octavian. Octavian akainama kutazama. Mkono ulikuwa pale, umejiweka wenyewe.

Jaji mkuu, mzee Theodori, akashika kipaza sauti huku akifuta miwani. "Leo tumezika mpaka tumechoka. Shule moja tu imethubutu kumcheka mtu mzima anayejiona. Hawa ndio watakaokwenda ngazi ya mkoa. Nani aliandika kichekesho hiki?"

Octavian alipanda jukwaani. Kila hatua aliyopiga ilishangiliwa, na alijitahidi kutembea kama mtu mwingine, akaonekana kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kikohozi kilimpanda kooni. Akakimeza.

"Ni mimi," alisema. "Ni... ndiyo. Kichekesho."

"Na huyo mhusika ulimtoa wapi?"

Akamwona Mwalimu Aikande mstari wa mbele, akaifikiria Ijumaa.

"Ni mwalimu mmoja," alisema. "Nilikuwa simfahamu vizuri."

Ijumaa iliyofuata aliingia darasani. Aliingia tu, kama watu. Skafu haikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni. Leo tunaanza na baba." Akanyoosha mikono, akaikunja, akaitia mfukoni. Wanafunzi wakatazamana.

"Samahani, Mwalimu," akasema Hosiana. "Mkono."

"Umefanyaje?"

"Kiunoni. Bila mkono hakuna mhusika."

Dirishani kichwa cha Zabron kilikuwa kimeshafika. Octavian akavuta pumzi, akauweka mkono kiunoni, taratibu, kama anayegusa kiuno cha mtu asiyemjua. Akakohoa. Kikawa kikohozi cha mgonjwa.

Hosiana akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bado, Mwalimu. Rudia kuanzia mlangoni."