Bushira na Mlio wa Mteremkoni

Pikipiki ya Védaste ilianza kugonga Jumatatu moja ya manyunyu, kwenye mteremko wa kutoka Bugeshi, mwalimu Alliance akiwa amekaa nyuma na mkoba wake wa madaftari. Védaste alifunga breki ya mbele kumpisha ng'ombe, na papo hapo akausikia mlio chini ya mikono yake: kong'! Mara moja tu, kama mtu amepiga bomba kwa nyundo.

"Papa Védaste, ni nini hiyo?" mwalimu akauliza.

"Ni mawe ya njia, Mwalimu."

Alijua si mawe. Mwaka wa kumi na sita huo akiwa motari, akibeba abiria kwa pikipiki, na mawe ya huko juu aliyajua moja moja.

Wiki ile aliwaendea mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha mafuta ya foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, wa pili akabadilisha gololi za gurudumu. Kila mmoja alipanda, akauzunguka mtaa, akarudi akisema imepona. Na kila alasiri, kwenye mteremko uleule, kong'. Alhamisi mwalimu Alliance aliomba kushushwa, akateremka kipande kile kwa miguu, polepole, bila kulalamika. Védaste alimfuata nyuma na pikipiki tupu. Aibu ile ndiyo iliyompeleka mtaa wa Mbugangari, kwa fundi Bushira.

Motari wote walimjua Bushira, lakini wengi walimkwepa kwa sababu alikawia. Pikipiki ikiingia kwake asubuhi, mwenye pikipiki alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa binti wa Muhamadi mshonaji, na ufundi aliuanzia kwenye cherehani za baba yake. Akiwa msichana aliweza kukaa uani akichambua maharage, akasikia cherehani ya ndani inashona, akapaza sauti kwamba mkanda umelegea. Nguo za dukani zilipowanyang'anya washonaji wateja, yeye alihamia kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki. Miaka ya mwanzo wanaume walikuwa wakifika, wakimtazama na kitambaa chake kichwani, wakauliza fundi yuko wapi. "Amekwisha kufika," alikuwa akijibu, spana mkononi. Sasa alikuwa amepita hamsini, na chumba kilikuwa kilekile cha baba yake.

"Iko kitu inagonga huku mbele, Mama Bushira," Védaste alimwambia.

"Inagonga wakati gani?"

"Wakati ya kushuka. Nikifunga breki tu."

"Na ukiwa peke yako?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Peke yangu... hapana. Ni nikibeba mutu."

"Bon. Wale mafundi wengine walipanda na nani?"

"Walipanda peke yao."

Bushira hakuwasema vibaya. Alichukua kofia ngumu ya abiria, akaifunga juu ya kitambaa chake, akapanda nyuma. Walikwenda hadi vilima vya Rugerero, na huko akamwambia Védaste ateremke mara tatu kwenye mteremko mmoja, breki nusu, breki yote, breki ya nyuma peke yake. Waliporudi aliinua gurudumu la mbele juu ya kasha, akaishika foku kwa chini, akaivuta na kuisukuma. Ilicheza kidogo sana, upana wa karatasi.

"Usukani imelegea," akasema. Alifungua shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, akapaka grisi mpya, akakaza, akapima, akalegeza, akakaza tena. Mchana ulipita wote.

Jumamosi pikipiki ilikaa kimya. Védaste akasimulia kijiweni kwamba mama yule ni hodari. Jumatatu alasiri, na mwalimu nyuma, kong'! Na safari hii ilikuwa nzito zaidi.

Kesho yake alifika Mbugangari na hasira yake yote. Aliyasema mbele ya wateja watatu: kwamba alimwamini, kwamba amempotezea siku nzima ya kazi, kwamba yeye ni kama wale wengine. Bushira alifuta mikono kwa kitambaa na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikosea, Papa," akasema. "Nilipata kosa moja, nikaacha kutafuta. Ingiza moto yako." Akaionyesha pikipiki kwa kidole.

Katika miaka yake yote ya kupeleka pikipiki kwa mafundi, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia Védaste neno lile, tena mbele ya watu. Akaisukuma pikipiki ndani.

Bushira alitoa taa, akatoa tangi, akazisogeza nyaya kando. Chini ya tangi kulikuwa na udongo mweusi wa miaka. Aliuosha kwa maji ya sabuni na mswaki, akakausha, kisha akavuta kigoda, akakaa akitazama tu. Akapitisha ukucha polepole mahali bomba la fremu lilipochomelewa kwenye shingo.

"Iko kitu hapa."

Védaste aliinama. Aliona rangi iliyochubuka na kutu kidogo, basi.

Bushira alipaka mafuta ya taa mahali pale, akasubiri, akayafuta yote mpaka chuma kikakauka. Kisha akafungua mtoto wa meza ya marehemu baba yake, akatoa chaki ya kukatia nguo, akaikwangua kwa kisu na kuupuliza unga wake juu ya chuma. Shingo yote ikawa nyeupe.

"Tungojee," akasema.

Walingoja. Wateja wale watatu nao walisogea. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, katikati ya weupe, ukajitokeza mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele, ukaukata mchomeleo na kuteremka upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Labda ni rangi imepasuka," Védaste akasema, ila sauti yake mwenyewe haikumwamini.

"Rangi hainywi mafuta. Hii ni chuma. Usukani ililegea sababu shingo yenyewe ilikuwa inafunguka. Mukiwa wawili, mukishuka, ukifunga breki, uzito yote inakuja hapa."

"Mana yanjye," akanong'ona Védaste, akimtaja Mungu wake, akakaa chini sakafuni. Akilini alimwona mwalimu Alliance anateremka peke yake kwa miguu, na yeye nyuma yake akiona haya.

Hata hivyo, tabia ya kazi ni ngumu kuiacha. Baada ya muda aliuliza kama hawezi kumpeleka mwalimu kesho tu, polepole. Bushira alichomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kesho Mwalimu atapanda moto ingine."

Fremu tupu waliibeba wawili, kila mmoja upande wake, mpaka kwa Ndahiro, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili. Ndahiro aliitazama, akashusha miwani, tayari kuufunika ufa kwa moto wa dakika mbili.

"Hapana," Bushira akamzuia. "Toboa kwanza huku na huku, ufa isitembee. Halafu ukwangue mpaka ndani. Halafu tutaweka mabati manene pande zote mbili."

Ndahiro alicheka. Akamtazama usoni, akaacha kucheka, akachukua mashine ya kutobolea. Kazi ilikula siku mbili, na Bushira alikuwepo kwa kila tundu.

Siku ya tatu walikwenda kuijaribu Bugeshi kwenyewe. Bushira alikaa nyuma, mzito na mtulivu. Kwenye mteremko Védaste alifunga breki huku ameuma meno. Alisikia matairi juu ya mawe, na upepo.

"Tena," Bushira akasema.

Tena ikawa kimya, na mara ya tatu pia. Hapo akampiga bega kidogo. "Bon. Turudi, watu wananingojea."

Wiki iliyofuata mwalimu Alliance, aliyekwisha kusimuliwa yote, aliomba wapitie Mbugangari. Bushira alikuwa amelala ubavu chini ya pikipiki ya mtu mwingine, mikono imejaa grisi. Mwalimu aliinama kumsalimia. Bushira akamnyoshea kifundo cha mkono, mahali palipokuwa safi, mwalimu akakishika kwa mikono yake miwili na hakukiachia upesi.

"Papa Védaste," Bushira akasema kutoka kule chini, "mwezi moja ikipita uilete. Nataka kuiangalia tena."