Masale Niliyoyapanda Uru

Msimamizi wangu wa utafiti alitaka alama za kudumu. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, nikipima namna udongo wa Uru unavyobadilika mibuni inapong'olewa na mahali pake kupandwa mboga. Vigingi vya mbao nilivyonunua Moshi mjini vilikuwa vimeng'olewa na mbuzi, vingine vimeishia jikoni mwa watu. Mvua za msimu wa pili zilikuwa njiani, na ilikuwa lazima nirudi kuchimba palepale.

Nikakata masale, mimea ya majani marefu inayoota kila mahali huku mlimani. Shina la isale ukilichomeka ardhini linashika mizizi bila kubembelezwa, na mbuzi hawalitaki. Nilivuta kamba na kuchomeka mashina kumi na mawili, kutoka kwenye mfereji hadi njiani, katikati ya kihamba cha mama mmoja mjane, shamba la ukoo linalozunguka nyumba yake. Yeye alikuwa Tarakea kwa bintiye aliyejifungua. Alikuwa ameniambia niingie na kutoka migombani mwake kama kwetu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kihamba chake kinapakana na hicho, alisimama kuniangalia.

"Profesa wa udongo! Huko mjini kwenu udongo umeisha?"

"Shikamoo baba. Naweka alama tu."

"Marahaba. Panda, panda. Mstari umenyooka kweli, wewe umesoma."

Nikacheka. Kwa kweli nilijivunia ule mstari. Baba yangu ni wa mlimani huku huku. Mimi nilikulia mjini, na tangu utotoni nilisikia kwamba mpaka wa kihamba huwekwa kwa masale. Nilijua, kama mtu anavyojua jina la babu wa babu yake. Lakini shina lilipokuwa mkononi mwangu niliona kigingi cha bure kisichooza.

Mama alirudi baada ya miezi mitatu. Masale yalikuwa yamechipua majani mapya, na upande wa pili wa mstari, ndani ya kihamba cha mama, shemeji alikuwa ameshapanda maharage. Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi. Wewe njoo useme tu kwamba ni wewe uliyepanda, na ulipanda kwa ajili ya masomo. Sikuombi kingine."

"Nitakuja mama."

"Uje mapema. Mimi peke yangu hawanisikii."

Sikwenda. Nusu ya mashimo yangu yalikuwa kwenye mashamba ya yule shemeji. Nilijua nikimuumbua mbele ya wazee atanifungia njia, nami nitapoteza msimu mzima. Jumamosi asubuhi nilimpigia mama nikamwambia nina malaria, siwezi kuinuka kitandani. Nilikuwa nimekaa mezani, napanga majedwali.

"Pole jamani," alisema. "Umekula? Usinywe dawa na tumbo tupu."

Jumapili jirani yake aliyeshuka sokoni aliniletea chane mbili za ndizi, pamoja na salamu kwamba nipikiwe mtori nipate nguvu. Nilizipokea mlangoni, nikakohoa kidogo. Malaria haina kikohozi, lakini nilikohoa.

Nilimuuliza yule jirani kikao kiliishaje.

"Wamekuta masale yamesimama. Shemeji akaapa ni ya tangu enzi za baba yao. Mama akasema kuna kijana wa chuo. Wakamuuliza, yuko wapi? Akasema anaumwa. Wazee wakaangaliana."

Kile kipande kikaenda kwa shemeji. Kilikuwa na migomba ya mama ya ndizi za kupika na majani ya ng'ombe wake. Mimi nilikuwa na msimu wangu wa pili, na nilichimba udongo mzuri, mweusi, pande zote mbili za mstari.

Baada ya kuhitimu nilipanda Uru na nakala ya tasnifu yangu mkobani. Nilimkuta mama ameinama zizini. Nilimwamkia, na kabla hajainuka nikasema yote: kwamba sikuwa naumwa, na kwa nini. Alijifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua," alisema. "Sauti ya mgonjwa naijua."

"Mama, nitakwenda kwa wazee. Leo hii nitasema."

"Nenda. Watakusikiliza, watakupa kiti, watasema asante kijana. Yule ameshajenga banda pale." Akaangalia mkoba wangu. "Hicho ndicho kitabu chenyewe?"

Nikampa. Alikifungua katikati, akapitisha macho kwenye ramani na namba.

"Mimi niko wapi humu?"

Nilimwonyesha. Katika utafiti hatuandiki majina ya watu, ili kuwalinda. Alikuwa Kaya ya Saba.

"Kwa hiyo hata humu sipo."

Alinirudishia kitabu, akachukua mundu na kamba. Majani ya ng'ombe sasa anayafuata bondeni, ng'ambo ya mfereji, mwendo mrefu kwa magoti yake. Nilinyoosha mkono nimpokee kamba.

"Acha mwanangu," alisema, bila hasira yoyote. "Utachafuka."

Nikabaki nimesimama uani kwake, viatu vikiwa safi, nikimtazama akishuka. Kisha nikaenda kwa wazee. Walinipa kiti.