Siku ya mtihani wa unesi mchumba wangu alipangiwa kumwogesha baba yangu mzazi, na harusi ilikuwa mlangoni

Wakuu, habari za jioni. Mlio wadogo kwangu shikamoo zenu nimezipokea kwa mkupuo, marahaba. Na humu ndani sidhani kama yupo wa kunizidi umri.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu ya kupangusa niliyonunuliwa na mjukuu, mnivumilie. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuona nitawaambia sikuona. Atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, mhusika mwenyewe yuko hapa sebuleni anachambua mchele. Mje mumuulize, ila mje na adabu.

Kilichonisukuma ni ule uzi wa binti mmoja anayesoma unesi. Amebakiza miezi michache ahitimu, na harusi yake inapangwa. Kamati, sare, sendofu, mtihani wa vitendo, vyote vimemjaa kichwani. Wengine mkamcheka.

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka Kabula.

Ni miaka ya hamsini, tunatawaliwa na Mwingereza. Nilikuwa kijana wa mgodini kule Geita, nasukuma matoroli ya mawe. Siku moja toroli likanibana kidole. Nikakifunga kitambaa, nikapanda lori kwenda nyumbani Kishapu likizo, najiona mwanaume kweli kweli.

Kufika, kidole kimevimba na kinanuka. Wakanipeleka hospitali ya misheni, upande wa Shinyanga.

Nikakutana na binti wa mwaka wa kwanza, mwembamba, gauni la bluu na aproni nyeupe. Akafungua kile kitambaa, akanitazama, akasema, "Hiki kitambaa ulikifua lini?" Nikajibu sijakifua. Akasema, "Basi siku nyingine leta kitambaa peke yake, kidole kiache huko huko."

Wakuu, niliondoka pale nikiwa nimekwisha.

Nilimwandikia barua miaka miwili. Zangu kurasa tatu, zake mistari minne, na mmoja wa hiyo minne ni kuuliza kidole kinaendeleaje. Kuolewa akiwa masomoni ilikuwa marufuku. Ukiolewa unafungasha sanduku. Kwa hiyo tukakubaliana: amalize mtihani wa mwisho, avishwe beji yake, wiki mbili baadaye ndoa.

Mipango ikaenda. Ng'ombe wa mahari wakapelekwa kwao. Aliyeshika mambo ya posa ni baba mkubwa, kaka yake baba yangu, mzee mkali asiyecheka hata kwenye sherehe. Kabula akanunua kitambaa cheupe dukani mjini, akawa anashona gauni lake mwenyewe kwa mkono kila apatapo mapumziko. Mchana anasoma mifupa ya binadamu, jioni anashona. Hakuna kamati, hakuna michango. (Binti wa ule uzi, umeona?)

Halafu, mwezi mmoja kabla ya mtihani, mimi nimesharudi nyumbani kujiandaa na harusi, fahali akamkanyaga baba lamboni wakati wa kunywesha mifugo. Paja likavunjika.

Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, tukambeba kwa zamu, mimi, baba mkubwa na ndugu wengine. Mchana kutwa. Hospitali ikawa ile ile alikokuwa Kabula, hakuna nyingine ya karibu. Mguu ukaning'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Baba akapewa kitanda namba tisa, wodi ya wanaume, na akaambiwa hatatoka hapo kwa wiki nyingi.

Sasa vijana wa leo mnielewe hapa, ndipo penye kisa chote.

Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Kumgusa mwili, hilo halizungumzwi kabisa. Ndiyo maana tangu baba aletwe, Kabula aliomba abaki wodi ya wazazi. Asubuhi alikuwa anakuja mlangoni tu, anapiga magoti kizingitini, uso ameugeuzia pembeni, anamsalimia kwa Kisukuma, anaondoka. Baba kuogeshwa alikuwa anaogeshwa na mhudumu wa kiume.

Siku ya mtihani wa vitendo akaja mtahini kutoka hospitali nyingine, mama wa Kizungu. Kazi zikaandikwa kwenye vikaratasi, kila mwanafunzi anachovya mkono kwenye bakuli anachukua chake.

Kabula akafungua chake. Kumwogesha mgonjwa asiyeweza kunyanyuka. Wodi ya wanaume. Kitanda namba tisa.

Yesu na Maria!

Alimwendea metroni akamweleza. Metroni akamweleza mtahini. Jibu likarudi: nesi hachagui mgonjwa. Ukikataa umeshindwa, unarudia mwaka.

Mimi na baba mkubwa tulikuwa tumekuja kumwona mgonjwa, wametutoa nje kwa sababu ya mtihani, tumesimama barazani karibu na dirisha la kitanda kile. Baba mkubwa alipoona ni nani anakuja na beseni, akanishika mkono. Akasema, "Huyo akimgusa baba yako, ndoa imekufa. Nitawafuata wale ng'ombe mwenyewe."

Sikufikiria mwaka wa masomo wala miaka mitatu ya yule binti. Nilifikiria harusi yangu. Nikaweka kichwa dirishani nikaita, "Kabula, acha! Utarudia mwaka, nitakusubiri!"

Aligeuka akanitazama mara moja tu. Akasema kwa sauti ile ile ya siku ya kidole, "Toka dirishani, unamzibia mgonjwa mwanga."

Nikatoka. Ningefanya nini?

Mtahini akasimama kando yake, Kabula akavuta pazia la kitanda. Kuanzia hapo sikuona kitu, nasema kweli. Nilisikia tu. Maji yanakamuliwa kwenye kitambaa. Na sauti yake kwa Kisukuma, taratibu, anamwambia kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. "Baba, sasa naosha mkono wa kushoto. Baba, sasa naufunika, nakwenda wa kulia." Baba mkubwa anatema tumbaku chini, mfululizo.

Alipotoka alipita mbele yetu bila kutazama mtu. Mikono imelowa mpaka viwiko. Alikwenda nyuma ya jiko, akamwaga maji, akakaa chini kwenye kuni akalia. Nilimwona. Sikuthubutu kumsogelea.

Siku tatu baadaye baba mkubwa akaja na wazee wengine wawili, wakazunguka kitanda namba tisa. Mimi niko miguuni pa kitanda. Baba mkubwa akaeleza: mkwe ameshamgusa mkwe, hapo hakuna ndoa tena, anaomba ruhusa ya kurudisha ng'ombe.

Baba akauliza, "Siku mliyonibeba kutoka Kishapu, nguo yangu ilikuwa wapi?"

Akaendelea. "Ilikuwa imepanda kifuani. Nawaambia nifunikeni, mnasema tukaze mwendo, jua kali. Tumepita mnadani. Wanawake wanaouza viazi wameniona. Watoto wameniona. Na mlionibeba ni ninyi, ndugu zangu wa damu."

Akaonyesha blanketi lake. "Yule binti aliniosha kuanzia uso mpaka kidole cha mguu, na hili blanketi halikuteleza. Anafunua mkono, anaosha, anafunika, ndipo anagusa mwingine. Alipofika pale penye heshima yangu akanipa kitambaa mkononi, akasema, hapo ni pako mwenyewe baba. Akageukia ukuta mpaka nikamwita. Amenigusa, sikatai. Lakini mlioniona uchi ni ninyi. Kama kuna wa kutozwa faini, mtozane ninyi."

Wakuu, yule baba mkubwa asiyecheka nilimwona anatazama vidole vyake vya miguu.

Na alitozwa kweli! Mbuzi mmoja, beberu mnene. Tulimla kwenye harusi.

Jambo moja nililijua baadaye sana. Kule kufunika, kueleza, kumpa mgonjwa kitambaa na kugeukia ukuta, hakukubuni siku ile. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyokuwa akiwaogesha wote, hata wale wasio na ndugu. Nilidhani masomo ya Wazungu na mila zetu ni maji na mafuta. Kumbe yeye alikuwa ameshaona siku nyingi kwamba heshima ni ile ile. Mtahini alimpitisha. Alama ngapi? Ananikatalia mpaka leo, anasema ni siri ya kazi.

Alivishwa beji. Wiki mbili baadaye akavaa lile gauni, na mishono yake haikuonekana hata ukisogea karibu. Baba alikuja kwa magongo.

Na baada ya harusi, amini usiamini, akarudi kwenye mila kama vile hakuna kilichotokea. Anapiga magoti mlangoni, uso pembeni, hali naye, hamtazami. Miaka na miaka.

Mpaka baba alipozeeka, hawezi tena kunyanyuka. Watoto wake tupo, wa kiume watatu, akatukataa wote. Alikuwa na namna mbili za kuita. Akiita, "Mkwe!", Kabula anapiga magoti nje ya mlango na kuitikia akiwa huko huko. Akiita, "Nesi!", Kabula anaosha mikono, anachukua beseni na blanketi, anaingia.

Siku ya mwisho aliita nesi. Alipomaliza kumfunika, baba akasema, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Hakusema tena.

Nimeacha kuandika kidogo hapa, simu iliingia ukungu.

Nilichojifunza mimi mzee ni hiki: siku ile nilimwambia aache, na yeye peke yake pale hospitali ndiye aliyejua anachofanya. Miaka yote hii sijawahi kumwomba radhi kwa lile dirisha. Nimemwomba jioni hii kabla ya kuandika. Amesema, "Wewe bado unaniziba mwanga, sogea nimalize mchele."

Binti wa ule uzi, gauni litashonwa tu. Nenda kasome.

Na manesi mliomo humu, wa kike kwa wa kiume, mtihani wenu wa vitendo mlipangiwa kitanda cha nani? Andikeni hapo chini. Nitayasoma yote mwenyewe, ila msiandike herufi ndogo.