Meza Mbili na Pazia Moja

Mpishi wa hoteli ile ya Homa Bay alikuwa amesoma darasa moja na mume wangu, na ndiye aliyetualika. Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Jumapili moja kila mwezi aliachiwa apike anavyotaka, naye alichotaka ni kuleta mezani vitu vya msimu, kidogo kidogo, sahani baada ya sahani. Mvua za masika ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza.

"Njooni na njaa," alituambia.

Jumamosi, mama yangu akashuka kwenye basi la Migori bila taarifa, kuku kwapani. Macho yalikuwa yanamsumbua, alitaka kwenda hospitali Jumatatu. Nilimtafutia kitanda kwa jirani, maana kwetu Wajaluo mama halali nyumbani kwa mkwe wake. Wala hawali pamoja. Mkwe kumwona mama mkwe akitafuna ni aibu kwa wote wawili.

Jumapili asubuhi nikaenda kumweleza kwamba tumealikwa, nikamkuta ameshavaa viatu. Jirani alikuwa amemwambia.

"Nitakaa mbali," alisema. "Kwani hoteli ina meza moja?"

Zilikuwa nyingi, ila zote zilikuwa na watu. Mpishi alikuwa ametuandalia moja, karibu na dirisha linalotazama ziwa. Mume wangu, aliyetangulia, alikuwa ameketi na kitambaa cheupe kimeshuka kifuani. Mama alipomwona akageuka akatazama ukuta. Mume wangu naye akazama kwenye chombo cha chumvi kana kwamba kimeandikwa habari.

Weta, mzee aliyevaa kanzu, alitutazama mara moja tu akaelewa. Akaenda nyuma, akarudi na pazia lenye miguu, kama yale ya hospitali, na kimeza cha chai. Dakika tano baadaye mama alikuwa upande huu, mume wangu upande ule, nami kiti changu kimewekwa pale pazia linapoishia, goti moja kwa kila mmoja.

Sahani ya kwanza ikaja. Kipande cha samaki wa ziwani, ngege, kisichozidi kiberiti, juu yake jani moja la mboga ya osuga. Mama akakionja, akafikiri, akamwita weta.

"Chumvi iko sawa," alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa leta chakula."

Nyuma ya pazia nikasikia mume wangu akipaliwa na maji.

Nikamweleza mama kwamba hicho ndicho chakula, na kwamba vingine vinakuja. Vikaja. Uyoga wa kichuguu, vijiko viwili. Kiazi kitamu kilichokatwa kama sarafu. Kila sahani mama aliimaliza kwa heshima, kisha akaninong'oneza, "Mwambie mume wako, rafiki yake ana ugonjwa gani? Mkono wake hauwezi kubeba mwiko?"

Nikainama upande wa pili. "Mama anasifu upishi."

"Nimesikia alichosema," mume wangu alinong'ona.

Halafu wakaleta kumbikumbi. Mama akatafuna mmoja, akaweka uma chini.

"Amewakaanga kwa siagi!" Safari hii hakunong'ona. "Kumbikumbi ana mafuta yake mwenyewe!"

Kabla sijainuka alikuwa ameshaingia jikoni. Nilibaki nimekaa, nikingoja kelele. Badala yake nikasikia vicheko, kisha harufu ikaja, ile ya nyumbani mvua ya kwanza ikinyesha. Mama akatoka na karai zima, mpishi nyuma yake na chumvi, wakapita meza kwa meza. Hata Mzungu mmoja wa forodhani aliongezewa.

Mama alipofika kwenye kimeza chetu alinipa bakuli nimpitishie mume wangu. Kisha akaketi, akajaza kiganja, akajaza mdomo. Papo hapo upepo wa ziwani ukasukuma dirisha, na pazia likaanguka.

Walitazamana, mashavu yamevimba kwa kumbikumbi. Sijawahi kuona watu wawili wakisahau kutafuna hivyo. Mama akavuta leso yake akajifunika uso hadi kidevuni. Mume wangu akajitupia kitambaa chake kichwani, akakaa hivyo, bakuli mkononi, kama kiti kilichofunikwa vumbi lisiingie.

Weta alisimamisha pazia polepole mno, nadhani makusudi.

Halafu nikaona leso ya mama inatetemeka, na upande wa pili kitambaa kinatetemeka, na mimi katikati nikashindwa kabisa, nikacheka hadi machozi.

"Mama," mume wangu akasema kutoka nyuma ya pazia, "asante kwa kumbikumbi." Tangu atoe mahari, hakuwa amewahi kumsemesha moja kwa moja.

Mama alifuta mdomo. "Nawe kula, mwanangu. Mimi macho yangu ni mabovu. Sikuona kitu."

Tuliporudi nyumbani, mama alimwomba jirani ugali.