Siku Forodha Ilipohama Chole

Nilikuwapo kisiwani Chole siku wapagazi walipoibeba meza ya forodha. Serikali ilikuwa ikihamia Kilindoni, ambako meli kubwa za Ulaya zingeweza kutia nanga.

Tajiri mmoja wa mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta, alikuwa akicheka peke yake. "Sasa mbata yangu itafika Ulaya moja kwa moja!" akasema, akijipangusa jasho kwa ncha ya kilemba.

Bibi aliyekuwa akiwauzia abiria wali na samaki pale forodhani akamwuliza, "Na mimi je, Bwana?"

"Hamia Kilindoni. Meli iko huko."

"Na meli nayo ikihama?"

Tajiri akageuka kuwahimiza wapagazi.

Bibi alivuka hadi Utende, sufuria kichwani, akaenda Kilindoni kwa miguu. Nisiseme uongo, huko alipata zaidi kuliko Chole. Tajiri naye aling'oa mihogo, akapanda minazi mpaka ukingoni mwa ua.

Kisha vita vya Ulaya vikaja, na meli za biashara zikakoma. Mbata ikaoza ghalani, harufu yake ikatufikia msikitini.

Mimi bado naikumbuka Chole ya siku za soko, watu wakiitana kutoka baraza hadi baraza. Sote tulidhani kelele zile ni zetu, kumbe zilikuwa za meli.

Juzi nilimkuta tajiri kwa yule bibi huko Kilindoni, ameinama kama mgeni. Bibi akampakulia wali, akamsogezea samaki.

"Kula, Bwana," akamwambia. "Abiria wangu sasa ni wewe."